Taa Iliyozima Nyumba ya Lyson Kachingwe

Lyson Kachingwe alimaliza sehemu kubwa ya maisha yake kwenye usukani wa lori, kati ya Blantyre na Harare, akipitia Tete penye joto la kukaanga mayai. Alipostaafu alirudi Bangwe, pembeni mwa Blantyre, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, akiwa na mgongo unaolalamika, sanduku la spana, na imani kwamba kitu chochote chenye waya hakiwezi kumshinda. Imani hiyo haikumjia bure. Malori yaliwahi kumfia mahali ambapo hata fisi hapiti, naye akayafufua kwa bisibisi na kipande cha waya wa uzio. Mkewe, Edina, aliizoea imani ile kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzake.

Mwaka wa mvua nyingi, ukuta wa nyumba ya mama yake kule Thyolo uliporomoka, na Lyson akaenda kumchukua. Watu walimwita NaMbewe, kwa jina la ukoo wake. Alikuwa mwembamba, mkavu, mgumu kama mzizi. Alichuma chai tangu usichana mpaka vidole vikakataa kunyooka. Hakutaka kulala nyumba moja na mkwewe, si kwa ugomvi, ila alisema mwanamke mzima lazima awe na mlango wake wa kufunga. Basi akajengewa kijumba cha chumba kimoja uani, chenye veranda ndogo na ndoano ya kutundikia kitambaa chake cha kichwa.

Tatizo lilikuwa choo. Lyson na Edina walikuwa na chao ndani, kando ya chumba cha kulala; cha mama na wageni kilikuwa upande wa pili wa ua, na njia ya kwenda huko ilipita kando ya rundo la matofali yaliyobaki kwenye ujenzi. Jua likishatua, ua ule ulikuwa giza kama tumbo la chungu. Edina alimwambia mama mkwe awe anaita, atasindikizwa. NaMbewe alishukuru kwa adabu na hakuita hata siku moja. Jioni moja akajikwaa kwenye tofali, akaanguka kwa goti. Edina aliligundua jambo hilo asubuhi, alipomwona anazunguka ua huku ameshika ukuta, akijifanya anaukagua.

"Mama ameumia na hatasema," Edina alimwambia mumewe. "Na wewe una taa inayowaangazia wacheza bao."

Ilikuwa kweli. Katika safari zake za mwisho Lyson alinunua Harare taa ya nje ile yenye jicho, inayojiwasha yenyewe ikimwona mtu anapita gizani, halafu inajizima. Aliifunga mbele, juu ya geti, na tangu siku hiyo shemeji yake Hastings Chikopa, kaka yake Edina aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya barabara, akahamishia bao lake pale. Hastings alikuwa karani wa ghala la tumbaku, sasa naye kastaafu, na hakuna mtu mtaani aliyemshinda kwa mdomo. Kero moja tu: wachezaji wakizama kwenye mawazo, wakatulia, taa iliwazimia. Kwa hiyo kila baada ya muda mmoja wao alipunga mkono hewani kama anayefukuza nyuki, na mwanga ukarudi.

Lyson alipopanda ngazi kuifungua, Hastings alitoka kwake na mikono nyuma.

"Shemeji, unatunyang'anya jua letu?"

"Naipeleka kwa mama."

Hapo Hastings akalegeza, maana mama ni mama. Alisema tu kwamba kuanzia leo bao litachezwa kwa kupapasa, na akifungwa itajulikana ni kosa la nani.

Kazi ya kuihamisha taa haikumchukua Lyson muda. Pembeni ya ukuta wa jikoni kulikuwa na kisanduku cha zamani cha waya, kilichowahi kulisha pasi ya chumba cha kufulia. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akakifungua. Ndani akakuta nyaya tatu zilizozeeka: nyekundu, nyeusi na kijani. Taa yake nayo ilikuwa na tatu, lakini za rangi nyingine: kahawia, buluu, na ile ya kijani yenye mstari wa njano. Alisimama akazitazama kama anayepatanisha familia mbili zisizojuana. Nyekundu na kahawia, hizo ni za moto, hakuna ubishi. Hizo nyingine alizipanga kwa akili aliyoijua. Akabana, akafunika, akaifunga taa juu ya ukuta ikitazama njia ya chooni. Akawasha swichi kuu. Hakuna kilicholipuka. Akaoga, akala nsima, ugali wa kwao, na dagaa wa usipa, akajisifu kidogo.

Jioni ile timu ya taifa ilikuwa inacheza. Sebule ilijaa, Hastings alikaa kiti cha mbele kwa kuwa yeye ni shemeji. Mchezaji wetu alikuwa amebaki na kipa peke yake ndipo nyumba nzima ikazimika. Televisheni, taa, friji, vyote kimya.

Walilaumu mgao wa umeme, kama kila mtu anavyofanya. Lakini Hastings alichungulia dirishani akaona kwake kunawaka. Lyson akapapasa hadi kwenye swichi kuu akaikuta imeruka yenyewe, akairudisha. Mwanga ukaja, na goli walikuwa wameshalikosa, au wamelifunga, hakuna aliyejua.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Mchana umeme ulikaa vizuri. Giza likiingia, swichi kuu iliruka mara moja, au mbili, wakati mwingine zaidi, bila taarifa. Edina alikatiwa pasi ikiwa juu ya gauni la kanisani. Lyson aliituhumu friji, akaichomoa. Umeme ukakatika vilevile. Akaituhumu pasi, kisha birika, kisha redio ambayo haikuwa na kosa lolote duniani. Kuhusu taa ya nje hakuwaza kabisa, kwa sababu mama yake hakuilalamikia, naye Lyson aliyaona mwenyewe mafundo ya waya na kuyapenda.

Aliyeona mwenendo wa jambo lile alikuwa Hastings, na aliuona kwa ajili ya mzaha. Siku moja kwenye bao, nyumba ya Lyson ilipozimika tena, alinyanyua shingo na kusema, "NaMbewe katoka nje." Wenzake wakacheka. Kesho yake ikazimika tena, na kweli mama alikuwa ametoka. Hastings akaanza kutabiri, na kila akitabiri inakuwa. Akawa anasema, "Mama ana nguvu kuliko mtambo wa umeme." Ulikuwa mzaha wa mtu asiye na sumu moyoni. Lakini maneno yakitoka kwenye bao hayajui kurudi. Yalifika kwenye bomba la maji, na pale bombani kulikuwa na watu wasiocheka. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini, bibi gani huyo anayetoka nje na taa za watu zinazimika? Na kwao Thyolo, aliondoka kwa nini hasa?

Katika mtaa ule, swali la namna hiyo likiulizwa juu ya mzee wa kike, si swali tena.

NaMbewe alikuwa nyuma ya foleni na ndoo yake ndogo. Aliyasikia yote. Alichota maji, akasalimia waliomsalimia, akarudi nyumbani. Jioni hiyo Edina alipompelekea chai aliirudisha. Ya kesho yake akairudisha pia. Akaacha na uji. Akaanza kuomba chakula mapema, kikavu, na mlango wake ukafungwa kabla jua halijazama. Na umeme, kama kwa makusudi, ukatulia.

Lyson alifurahi. Alimwambia mkewe friji ndiyo ilikuwa mbaya, sasa imejirudi. Edina akamkatiza.

"Mama hanywi maji tangu mchana ili asitoke usiku," alisema. "Amenisihi nisikwambie. Anasema hataki jina lake liingie kwenye nyumba yako kama moshi."

Akamsimulia ya bombani. Lyson alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni. Moyo wake, uliowahi kuvumilia breki kukatika kwenye mteremko wa Mwanza, kule mpakani na Msumbiji, siku hiyo ulilegea. Alikwenda kubisha kwa mama yake.

Mama alikuwa amekaa kitandani, anashona kiraka kisichohitajika.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba? Kwamba ninazima umeme?" Alikata uzi kwa meno. "Mimi nimewaza pia. Nikitoka, kunazimika. Nikikaa, kunawaka. Nikasema labda ni kweli, mtu hajijui mwenyewe."

Alilisema hilo polepole, bila kujionea huruma, na ndilo lililomuumiza Lyson kuliko yote: kwamba mama aliyemjua kwa ukali wa akili alikuwa amekaa peke yake chumbani akijichunguza kama ni mchawi.

"Hebu niambie sawasawa," Lyson alisema. "Ukitoka, unaona nini? Anza mlangoni."

NaMbewe akaeleza. Anafungua mlango, anashuka, anatembea hatua chache. Taa ya ukutani inapepesa, mara moja tu, kama mtu anayekonyeza jicho. Halafu giza kila mahali.

"Inakonyeza?"

"Inakonyeza. Nilidhani ndivyo ilivyofundishwa. Mtu wa Thyolo nitajuaje taa za Harare?"

Lyson aliinuka. Sasa alikuwa na kitu cha kushika.

Asubuhi alipanda ngazi na sanduku lake, Edina akasimama ndani karibu na swichi kuu. Chini ya jicho la taa kulikuwa na kijitufe cha kuzungusha chenye picha ya jua na mwezi. Ukikielekeza kwenye jua, taa inafanya kazi hata mchana. Akakielekeza huko. Akashuka, akapita mbele ya jicho. Taa ikakonyeza, na ndani Edina akasema imeruka.

Wakaanza kutafuta kwa zamu. Lyson alizima umeme, akatoa balbu, akafunika, akaamuru iwashwe tena. Akapita mbele ya jicho. Likabofya ndani kidogo, tk, lakini swichi kuu haikuruka. Akarudisha balbu: ikaruka. Akaweka balbu mpya: ikaruka. Basi balbu haina kosa, na jicho halina kosa. Kosa lipo mahali umeme unapopita ukishaifanya kazi ya balbu, unaporudi nyumbani.

Akafungua kile kisanduku cha zamani, umeme ukiwa umezimwa, akakaa juu ya ngazi akizitazama nyaya zake. Akazitazama muda mrefu mpaka Edina akatoka kuuliza kama amelala.

"Edina," alisema, "kwenye lori, waya mweusi ni wa nini?"

"Mimi najua lori?"

"Ni wa bodi. Mweusi unafungwa kwenye chuma cha gari, basi. Ndiyo maana huu mweusi hapa nimeufunga kwenye waya wa bodi ya taa, ule wenye mstari wa njano. Nikabakiwa na kijani, nikaufunga kwa buluu." Alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Hii nyumba si lori."

Kwenye nyaya zile za zamani, mweusi ndio uliokuwa njia ya umeme kurudi, na kijani ulikuwa ule wa ardhini, ambao hautakiwi kupitisha chochote siku za kawaida. Kila balbu ilipowaka, umeme ulikwenda kwa njia halali ukarudi kwa njia ya ardhini. Swichi kuu, iliyowekwa pale kulinda watu wasipigwe, ikahisi umeme unavuja na ikakata. Swichi ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Ilikuwa inaogopa kwamba kuna mtu anapigwa na shoti.

Kubadilisha nyaya mbili ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha maji tu. Lyson alishika bisibisi, kisha akairudisha mfukoni.

"Nini tena?" mkewe akauliza.

"Nikirekebisha sasa hivi, watasema dawa imeisha nguvu. Iache mpaka jioni. Mwite kaka yako. Na yule mama wa bombani, mwambie umekaanga mandasi."

Edina alimwelewa, na uso wake ukachanua. Lyson alifunga kisanduku vizuri, akaweka ngazi mbali, akazungusha kijitufe kikarudi kwenye mwezi, akakataza mtu yeyote kuigusa taa ile.

Jua lilipotua sebule ilijaa kuliko siku ya mpira. Mandasi yalipita, chai ikapita. NaMbewe aliitwa akakataa, akaitwa tena na mwanawe mwenyewe, akaja akakalishwa kiti kizuri, katikati, mahali ambapo kila jicho linamwona. Mama wa bombani alikaa karibu na mlango. Hastings alikunywa vikombe kwa ukarimu wa shemeji, Edina akimwongezea kila kinapopungua, mpaka kikafika kile alichokuwa anakingoja dada yake: Hastings akasimama, akauliza kama choo kiko wazi.

"Kiko wazi," Lyson alijibu. "Pita nyuma."

Hastings akatoka. Halafu nyumba yote ikazimika.

Gizani ikasikika sauti ya Lyson, ya taratibu kabisa. "Mama, uko wapi?"

"Niko hapa kwenye kiti," NaMbewe alijibu.

"Nani yuko nje?"

Kisha mtu mmoja akaanza kucheka puani, mwingine akamdaka, na kicheko kikaenea sebuleni huku Hastings huko nje anaita, jamani, kuna nini, sioni hata mlango. Edina akarudisha umeme. Lyson aliwapeleka watu wote uani akawaomba wapite mbele ya taa mmoja mmoja, na kila aliyepita akaizima nyumba. Mama wa bombani alipita naye, kwa kusukumwa na wenzake, na ikazimika kwake kama kwa wengine. Lyson akawaeleza kwamba kosa ni lake, kwamba alifunga nyaya za nyumba kama za lori, akawaonyesha kwa vidole vyake viwili jinsi alivyozikosea. Hakumtaja mtu yeyote wala hakumtazama.

Mama wa bombani akaenda kwa NaMbewe, akapiga magoti kama inavyopasa mbele ya mkubwa. Alisema aliongea kitu asichokijua na anaomba radhi. NaMbewe alimwangalia, akamshika bega.

"Inuka, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kukuamini."

Hastings naye alikuwa amerudi na suruali iliyochafuka vumbi la matofali. Alisimama mbele ya mama mkwe wa dada yake, kofia mkononi.

"Mama, mzaha wangu ulipita kiasi."

"Umeanguka?" NaMbewe aliuliza.

"Nimejikwaa kwenye tofali."

"Basi kesho utayaondoa."

Akayaondoa. Asubuhi Hastings alibeba matofali yote akayapanga nyuma ya ukuta, akilalamikia kiuno chake kwa sauti ya kusikika barabarani, huku Lyson juu ya ngazi akibadilisha nyaya: mweusi kwa buluu, kijani kwa kijani. Edina alisimama kwenye swichi kuu. Lyson alikirudisha kijitufe kwenye jua na kuligeuza jicho kidogo, wakajaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu. Swichi haikuruka. Taa iliwaka, ikatulia ikiwaka, ikajizima kwa wakati wake.

Jioni yake watu wa nyumba walikaa verandani kuangalia. NaMbewe akafungua mlango, akashuka na kutembea kuelekea chooni. Taa haikuwaka. Alitembea mpaka chini yake, bado giza. Akasimama, akaitazama juu.

"Imenisusia," alisema.

Lyson alishuka mbio, na alipofika tu, taa ikawaka. Alirudi nyuma, akangoja izime, akamwomba mama apite tena. Haikuwaka. Hapo ndipo alipoelewa. Jicho lile linamwona upesi mtu anayelikata kwa mbele, kushoto kwenda kulia. Anayelijia moja kwa moja, tena kwa mwendo wa pole kama wa mama yake, linamkosa. Asubuhi, alipoligeuza, alilielekeza kwa mwendo wake mwenyewe, mwendo wa dereva mwenye haraka, wala hakuwahi kumwuliza mama ajaribu. Alipanda, akaligeuza jicho litazame njia kwa ubavu na kuliinamisha kidogo. Akamwita mama apite, na akamwomba asiongeze mwendo hata kidogo kwa ajili ya taa.

NaMbewe akatembea kwa mwendo wake. Kabla hajafika katikati ya njia mwanga ulimwagika uani wote, hadi kwenye mgomba wa jirani. Akaendelea bila kugeuka, akaingia, akatoka, na aliporudi akawakuta bado wanamtazama, mwana, mkwe, na Hastings aliyejialika.

"Sasa mtakuwa mnanisindikiza kwa macho kila siku?" aliwauliza. "Nendeni mkale."

Juma lililofuata aliomba jembe. Alisema mahali penye mwanga wote ule ni aibu kuwa patupu, na akapanda mboga za maboga pande zote mbili za njia. Zilishika vizuri. Edina akichuma majani ya kitoweo jioni, hakuhitaji koroboi. Alipunga mkono mara moja, akaendelea kuchuma.